Sindano Isiyopita 26



Fundi wa mitambo ya baridi akitoka Mombasa na mkoba wake, akapanda basi la usiku, akashuka Kampala na kushika njia ya Ntinda kwenda kuitengeneza chila ya duka, yaani mtambo wake wa kupozea, ataona ajabu moja ambayo wengi waliomtangulia wameiona, na wengi wao wakaitolea hukumu isiyo sawa. Pampu yake ni ile ile, mipira ni ile ile, na geji ni ile ile ambayo juzi tu, kando ya bahari, ilimpa inchi 30 kasoro kidogo alipokuwa akiifyonza hewa iliyomo ndani ya mabomba. Lakini hapa Ntinda sindano inafika 26, inasimama, wala haitikisiki tena, hata pampu ikinguruma mpaka adhuhuri ya kesho. Fundi asiyejua ataituhumu pampu, atamwaga mafuta yake na kutia mapya, atakaza nati moja baada ya moja, atatafuta tundu lisilokuwepo mpaka jua lichwe. Na fundi mvivu, ambaye ndiye ninayemhofia zaidi, atasema basi, mwisho wa kazi ni hapa, naye ataifungulia gesi iingie. Wote wawili wamepotea, kila mmoja kwa njia yake, na sababu ya kupotea kwao ni moja: wameiuliza geji swali ambalo geji ile haikuundwa kulijibu.

Msikilizaji ataniuliza: mambo ya sindano na mabomba yanatuhusu nini sisi tusioshika spana? Namjibu kwamba Ntinda, mtaa huo ulioko kaskazini-mashariki ya jiji la Kampala, baina ya Nakawa, Bukoto na Kiwatule, umekuwa katika miaka ya karibuni mji wa maduka, na aghalabu ya maduka hayo yanaishi kwa baridi. Bucha linaishi kwa baridi, duka la dawa kadhalika, na hali ya maziwa ndiyo ya kuogofya zaidi, kwani maziwa yanayonywewa Kampala kwa kiasi kikubwa yanatoka upande wa Ankole, safari ya zaidi ya kilomita 250, na yakishafika hapa hayana stahamala hata ya nusu siku nje ya chila. Mwenye duka akiona chila yake imekufa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, husema gesi ya siku hizi ni mbovu, au husema mtambo ulikuwa wa bei rahisi. Mara chache sana husema kwamba siku ile ulipofunguliwa na kufungwa tena, kazi moja ya saa chache ilirukwa. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kituo.

Chila, iwe ni ile ya milango ya kioo iliyojaa soda au ile kubwa inayokaa juu ya dari la hoteli, moyo wake ni njia ya mabomba iliyofungwa pande zote, na ndani yake inazunguka gesi, ambayo kompresa inaibana, kondensa inaitoa joto mpaka igeuke kuwa maji maji, kisha inapenyezwa katika kitundu chembamba na kutolewa upande wa pili ambako inachemka, na katika kuchemka kwake inanyang'anya joto nyama na maziwa. Ndani ya njia hiyo hapana kinachotakiwa isipokuwa gesi na mafuta ya kompresa. Lakini fundi anapolikata bomba ili abadilishe kompresa au azibe ufa, mlango unafunguka, na wageni wawili wanaingia bila ya kubisha hodi: hewa, na unyevu ulioko ndani ya hewa. Kampala, kama mjuavyo, haina msimu mkavu wa kutegemewa. Mvua za masika zinaanza Machi na kwenda mpaka Mei, zile za vuli zinakuja Septemba, na baina ya hizo ziwa Nyanza liko karibu. Bomba lililoachwa wazi usiku mmoja wa mwezi wa Aprili linakunywa unyevu, na mafuta ya kisasa ya kompresa, yale yaliyoundwa kwa ajili ya gesi mpya, yanaupenda unyevu huo kupita kiasi na kuushika kwa nguvu.

Hewa ikibaki ndani, inakusanyika katika kondensa na kukaa mahali ambapo gesi ingekaa. Mgandamizo unapanda, kompresa inafanya kazi ya ziada, na mwenye duka anailipa ziada hiyo kila mwezi katika hesabu ya umeme bila ya kujua anamlipia nani. Unyevu nao una hila zake mbili. Kwanza, unaganda kuwa barafu katika kile kitundu chembamba na kukiziba, ndipo chila inapoacha kupoza. Barafu ikiyeyuka, inapoza tena, ikaganda, ikaacha, na fundi anayeitwa saa ya kupoza anaapa kwamba mtambo hauna kasoro hata moja. Pili, na hili ndilo baya zaidi, maji yakikutana na gesi na mafuta katika joto la kompresa huzaa asidi, na asidi inakula taratibu ngozi ya nyaya za mota mpaka siku moja nyaya zinagusana na kompresa inaungua. Kati ya kosa na adhabu yake huenda ikapita miezi minane, na ndiyo maana mkosaji hashikwi.

Sasa, maji yaliyojificha ndani ya bomba hayafutiki kwa kitambaa, wala huwezi kulianika bomba la mita 20 lililopita ndani ya kuta. Njia ni kuyachemsha mpaka yawe mvuke, na mvuke uvutwe nje; na kwa kuwa hatuwezi kulitia duka zima motoni, tunalitumia sharti jingine la maumbile, nalo ni kwamba maji hayana joto moja maalumu la kuchemkia. Kila mama apikaye maharage Kampala anaijua habari hii kwa mikono yake, ijapokuwa hajasomeshwa: maji hapa yanachemka kwenye digrii 96 hivi, wala hayafiki 100 kama ya Mombasa, na maharage yanachelewa kuiva. Punguza uzito wa hewa juu ya maji, na joto la kuchemka linashuka. Endelea kupunguza, na itafika mahali ambapo maji ya baridi ya asubuhi, yenye digrii 20, yanachemka yenyewe pasipo moto. Mahali hapo ni pale ambapo mgandamizo ni sawa na milimita 17 na nusu za zebaki. Pampu ya ombwe, ambayo mafundi wenyewe wanaiita pampu ya vakyumu, ndiyo inayotufikisha huko na kutupitisha.

Nimeitaja zebaki, na hapana budi nieleze inatoka wapi, maana inchi za geji ni inchi za zebaki. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli, huko Italia, alionyesha kwamba mrija wa kioo uliojazwa zebaki, ukipinduliwa kichwa chini ndani ya bakuli la zebaki, haumwagiki wote. Zebaki inashuka kidogo, kisha inasimama kwenye kimo cha milimita 760 hivi, na juu yake panabaki patupu. Kinachoizuia isimwagike ni uzito wa hewa inayolikandamiza bakuli. Watu wengi wenye elimu walikataa. Ndipo Blaise Pascal wa Ufaransa akafikiri: ikiwa kweli ni uzito wa hewa, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, zebaki sharti isimame chini zaidi. Pascal mwenyewe hakupanda mlima. Alikuwa mtu wa afya dhaifu, naye alikuwa mbali, akamwandikia shemeji yake Florin Périer, mkazi wa Clermont, mji ulioko chini ya mlima Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipima zebaki katika bustani ya watawa mjini, akamwacha mtawa mmoja akae na mrija wa kwanza kutwa nzima autazame kama utabadilika, naye akapanda na mrija wa pili pamoja na mashahidi. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka inchi 3 na kidogo za Kifaransa. Waliporudi bustanini, mtawa akawaambia kwamba mrija wake haukusogea siku nzima. Mimi katika kisa hiki humtukuza yule mtawa kuliko wote, kwa sababu bila ya kutwa yake ya kukaa na kutazama kitu kisichosogea, kazi ya wale waliopanda isingekuwa na hoja.

Puy de Dôme una mita 1,465. Ntinda iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Basi fundi wetu wa Mombasa, bila ya kujua, ameurudia msafara wa Périer kwa basi. Zebaki ambayo pwani ingesimama kwenye milimita 760 hivi, ambazo ni inchi 30 kasoro kidogo, hapa inasimama karibu na 658, ambazo ni inchi 26. Na geji yake ya mviringo, ile ya rangi ya buluu inayoning'inia upande wa mvuto, haipimi utupu wenyewe; inapima tofauti baina ya hewa ya ndani ya bomba na hewa ya nje ilikosimama geji. Nje kukiwa na 26 tu, utupu kamili hauwezi kuonyesha zaidi ya 26, kwani huwezi kutoa katika chungu zaidi ya kilichomo. Pampu yake haikuwa na kosa lolote. (Na kwa nini nchi zinazouza maziwa kwa lita na nyama kwa kilo zipime ombwe kwa inchi, hilo na waulizwe waliozitengeneza geji.)

Je, basi, fundi wa Ntinda akishajua kwamba 26 ndiyo 30 yake, ameokoka? Hajaokoka bado. Kiasi kinachotakiwa na waundaji wa mitambo, na kinachofundishwa katika vyuo, ni kuishusha hewa ya ndani mpaka nusu milimita ya zebaki, yaani maikroni 500, kwa kuwa maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika kiasi hicho maji huchemka hata kwenye baridi ya digrii 24 hivi chini ya sifuri, na unyevu uliojificha katika mabomba unalazimika kutoka. Mtambo wenye maikroni 500 umekauka. Mtambo wenye maikroni 5,000 una maji. Lakini tofauti baina ya hayo mawili ni milimita 4 na nusu za zebaki, ambazo hazifiki hata sehemu ya tano ya inchi moja, nayo geji ya fundi ina inchi 30 zilizobanwa katika pindo la duara lisilozidi urefu wa kidole gumba. Sindano yenyewe kwa unene wake inaifunika tofauti hiyo. Kupima ukavu kwa geji ile ni sawa na kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia ya kahawa. Panahitajika geji nyingine, ya umeme, inayosoma maikroni na kuusoma mgandamizo wa ndani peke yake, isiyojali kama imesimama Mombasa, Ntinda au juu ya Rwenzori. Geji hizo zipo, zinaingia mfukoni, na bei yake kwa fundi anayeanza ni nzito. Lakini kompresa moja iliyoungua ni nzito zaidi.

Nilipata kuitazama kazi hii ikifanywa nyuma ya duka moja la nyama na maziwa, si mbali na barabara kuu ya Ntinda. Mwenye duka alikuwa Hajati wa Kinubi, mtu wa Bombo kwa asili, mwenye Kiswahili kizuri kilichonyooka. Na fundi alikuwa kijana aliyesomea ufundi Nakawa, mwenye maneno machache. Pampu ilianza saa tatu za asubuhi. Ilipokaribia saa sita, kijana alikitazama kioo cha geji yake ya maikroni, kilichoandika 430, akaifunga vali iliyokuwa karibu na chila, akaizima pampu, akavuta kreti ya soda akaikalia. Kimya kile kilimleta Hajati mlangoni.

"Fundi, umemaliza?"

"Bado, Hajati."

"Mbona pampu umeizima, nawe umekaa?"

"Nangoja nione itapanda mpaka wapi."

"Na kungoja huko nakulipa?"

Kijana akatabasamu, akasema, "Hajati, kuvuta ni kazi ya pampu. Hii ndiyo yangu." Nao walikubaliana, baada ya maneno mengine ambayo hayatuhusu, kwamba angoje nusu saa.

Kijana alikuwa na haki, na ningependa kueleza ni kwa nini, maana hapo ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Tarakimu inayosomwa pampu ikiwa inazunguka ni sifa ya pampu. Pampu kubwa yenye nguvu inaweza kuonyesha maikroni 400 juu ya bomba lenye tundu, kwa kuwa inatoa hewa upesi kuliko tundu linavyoiingiza; na inaweza kuonyesha 400 juu ya bomba lenye maji, mvuke ukitolewa mara tu unapozaliwa. Ni pale pampu inapotengwa ndipo mtambo unaposema habari zake mwenyewe. Hapo tarakimu inapanda, na kupanda kidogo mwanzoni hakuna ubaya, kwa sababu pembe za mbali zinasawazishana na pembe za karibu. Ikipanda kutoka 430 mpaka 700 au 800, kisha ikatulia na kukaa hapo nusu saa bila ya kuvuka 1,000, mtambo ni mkavu na umefungika. Ikipanda mpaka elfu mbili au tatu, kisha mwendo ukapungua na kusimama, hayo ni maji: mvuke umejaza nafasi kwa kadiri ya unyevu uliobaki, na ukishajaza unaacha. Ama ikipanda na kuendelea kupanda kwa mwendo ule ule, pasipo dalili ya kuchoka, hilo ni tundu, kwa kuwa nje kuna bahari ya hewa isiyokwisha nayo haina sababu ya kuacha kuingia. Mambo matatu, na hapana njia ya kuyapambanua isipokuwa kukaa juu ya kreti na kutazama. Chila ya Hajati ilifika 810, ikatulia.

Yapo mengi yanayoweza kuiharibu kazi hii, na mengine ni ya kwetu hasa. Mipira mirefu na myembamba inaikaba pampu koo. Mafuta ya pampu yanakunywa mvuke unaopita ndani yake, yakageuka rangi ya maziwa, na pampu yenye mafuta ya namna hiyo haishuki hata ungeisomea dua; mafuta hayo sharti yamwagwe, pengine katikati ya kazi. Geji ya maikroni ikichomekwa upande wa pampu badala ya upande wa mbali wa mtambo, inatoa habari za furaha zisizo za kweli. Umeme nao ukikatika ghafla wakati vali iko wazi, jambo ambalo mtu wa Kampala hahitaji kuhadithiwa, ombwe la ndani ya chila linayavuta mafuta ya pampu kinyumenyume mpaka ndani ya mabomba, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ya siku tatu. Fundi mwenye busara haiachi pampu peke yake aende kunywa chai. Na mwenye haraka kupita kiasi anaadhibiwa kwa njia ya kuchekesha: maji yakichemshwa kwa nguvu nyingi mno yanajinyang'anya joto yenyewe, na mgandamizo ukishuka chini ya milimita 4.6 maji yaliyobaki yanaganda barafu kule ndani, hayatoki tena kwa urahisi, na geji inaonyesha tarakimu nzuri kabisa. Ndiyo maana mafundi wazoefu huvuta kwa hatua, wakaingiza naitrojeni kavu kidogo ilete joto na kuzoa mvuke, wakavuta tena, na kuirudia shughuli hiyo mpaka mara tatu.

Naitrojeni hiyo ina kazi nyingine iliyo kabla ya ombwe, nami nimewasikia watu wakizichanganya kazi hizo mbili. Ombwe linatoa ushahidi kwamba tundu lipo, halionyeshi lilipo. Tena ombwe, hata likiwa kamili, linaujaribu mtambo kwa nguvu ya hewa ya Ntinda tu, ilhali chila ikifanya kazi mabomba yake yanabeba mgandamizo mara kumi ya huo na kuzidi. Kwa hiyo mtambo kwanza hujazwa naitrojeni mpaka kiasi alichoandika muundaji wake, ukapakwa povu la sabuni kila penye kiungo, ukaachwa; ukishafaulu ndipo unapovutwa. Na iwe naitrojeni, wala mtu asithubutu kutumia oksijeni ya mtungi wa welda kwa kuwa iko karibu, kwani oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya mgandamizo inalipuka, na imekwisha kuua watu.

Kuna mtindo mwingine wa mkato ulioenea Afrika Mashariki yote, wa kuifukuza hewa kwa kupuliza gesi: fundi anafungua upande mmoja, anaisukuma gesi kutoka mtungini mpaka ahisi imetokea upande wa pili, anafunga, amekwisha. Hewa nyingi inatoka, ni kweli. Maji hayatoki hata tone. Na gesi iliyopulizwa haiishii Ntinda. Ile R-22 ya zamani inatafuna tabaka la ozoni, nayo chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ratiba ya nchi zetu inaitaka ikome ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo mikongwe. Na R-404A, ambayo imejaa katika vyumba vya baridi vya mabucha, haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikiachwa hewani inaipasha moto dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na kilo 3,900 na zaidi za kaboni dioksidi. Gesi za jamii hiyo ndizo zilizokubaliwa kupunguzwa katika mkutano wa Oktoba 2016, na mkutano huo haukufanyika Ulaya wala Marekani. Ulifanyika Kigali, safari ya basi moja kutoka hapa.

Niseme kidogo juu ya chila kubwa za kupoza maji, zile za mahoteli na mahospitali, maana makosa yake ni ya gharama nyingine kabisa. Huko kungoja hakupimwi kwa nusu saa. Mtambo unaachwa umefungwa usiku kucha, na asubuhi ndiyo unaposomwa. Mambo mawili ni haramu wakati ule. La kwanza ni kuiwasha mota ya kompresa au kuzipima nyaya zake kwa mega, kile kifaa cha kujaribia ngozi ya nyaya kwa umeme mkali, mtambo ukiwa katika ombwe, kwani umeme unaruka kwa wepesi katika hewa iliyopungua kiasi hicho, na mota ya thamani ya nyumba inaweza kuungua kwa dakika moja. La pili ni kuimimina gesi ya maji maji moja kwa moja ndani ya ombwe: gesi ile itachemka kwa baridi kali mno, na maji yaliyotuama katika mirija ya chila yataganda na kuipasua. Inaingizwa kwanza kama mvuke, taratibu, huku maji yakizungushwa kwa pampu zake, mpaka mgandamizo upite kiwango cha kugandisha. Zipo pia chila za gesi kama R-123, ambazo upande wake wa baridi unafanya kazi siku zote chini ya nusu ya mgandamizo wa hewa ya Kampala. Hizo zikipata tundu upande huo hazitoi gesi nje, zinavuta hewa ndani, na mtambo unaumwa kwa miezi bila ya kuonekana chochote kilichopungua.

Nirudi kwenye swali la Hajati, kama kungoja kunalipwa. Katika Ntinda ya leo kazi ya fundi hupatanwa kwa jumla, na mwenye kumaliza saa sita hupewa sawa na mwenye kumaliza saa kumi, tena husifiwa kwa wepesi wake. Basi tusistaajabu tukiona subira imekuwa bidhaa adimu, maana sisi wenyewe tumeitoza kodi. Ninayopendekeza si makubwa. Mwenye duka apatane na fundi kwa kazi iliyo na saa ya kungoja ndani yake, na bei yake itajwe. Fundi naye aandike kwenye karatasi tarehe, maikroni alizofikia kabla ya kuifunga vali, maikroni alizozikuta baada ya kungoja, na saa ya kila kipimo, na uzito wa gesi alioutia kwa mizani. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme cha chila, mahali ambapo fundi wa mwaka kesho atalazimika kuiona kabla hajagusa kitu. Naye akikuta tarakimu zisizo na saa ubavuni mwake, na aihesabu kazi ile kuwa haikufanywa, aanze upya.